Kabla hujasema presi ni mbovu, nionyeshe kwanza ndoo yako ya maganda

Wiki iliyopita tena kuna ndugu kanipigia kwa hasira, anasema nimekula hela yake, nimemchaji dola 150 kumfungia presi ya progresivu, ile mashine ya vituo kadhaa ya kujaza upya maganda ya risasi yaliyokwisha kupigwa, na hata wiki haijaisha imeshakwama. Nikamwambia njoo nayo, na ndoo ya maganda ije hivyo hivyo ilivyo, usichambue kitu.

Tukamwaga mezani. Anajaza .45 ACP, risasi ya bastola, na maganda anayaokota renji, yaani uwanja wa shabaha. Sasa haya maganda ya .45 yapo yenye tundu kubwa la praima, kile kikombe kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti, na yapo yenye tundu dogo, ukiyatazama ubavuni ni pacha, mpaka ugeuze kitako ndo unaona. Presi yake imefungwa kwa praima kubwa, likifika lenye tundu dogo praima haiingii, na yeye anazidi kusukuma hendeli kwa nguvu. Jamani, praima ni kilipuzi! Ukisikia uzito usio wa kawaida acha hapo hapo.

Watu wa 9mm nao wana yao. Wanachanganya na .380 ambayo ni fupi kwa karibu milimita 2, wanachanganya na ya jeshi yenye alama ya NATO, ule msalaba ndani ya duara, ambayo praima yake imebanwa kiwandani na lazima uondoe ule mkunjo kwanza ndo praima mpya ikae. Likipita moja la Berdan, lile lenye vitundu viwili ndani, pini ya kutolea praima kuukuu imekatika. Halafu napigiwa simu mimi.

Kwenye presi ya kituo kimoja kosa ni la ganda moja. Progresivu kila ukivuta hendeli vituo vyote vinafanya kazi pamoja, hapa praima kuukuu inatoka, pale baruti inashuka, kule kichwa cha risasi kinakaa, kwa hiyo ganda moja bovu linasimamisha manne au matano, na hapo ndipo hatari yenyewe ilipo. Mteja wangu mmoja mashine ilikwama, akarudisha hendeli nusu, akanasua, akavuta tena, kumbe kuna ganda limekosa baruti kabisa. Kwenye bastola praima peke yake ikasukuma kichwa kikaishia katikati ya mtutu, akasikia mlio mdogo, akapiga ya pili.. mtutu ukavimba. Mkono wake mzima namshukuru Mungu, ila mtutu mpya ulimgharimu zaidi ya ile pesa aliyosema namwonea. Na kinyume chake ni kibaya zaidi, 9mm inakula grein 4 au 5 hivi za baruti nyingi za bastola, na pauni moja ni grein 7000, yaani ni kidogo sana, ukidondosha mara mbili ganda linameza vizuri tu bila kumwagika. Ikikwama toa maganda YOTE kwenye sahani inayoyashika, anza upya, na kila ganda lichungulie kwa taa kabla hujaweka kichwa.

Hiyo dola 150 watu wanadhani nakaza boliti nne. Nakaza meza kwanza maana meza ikitikisika na baruti inashuka bila mpangilio, napima baruti kwenye mizani mara kumi mfululizo, napitisha risasi za mwanzo kwenye geji ya kupimia ukubwa moja moja, halafu nakaa na wewe mpaka utoe 50 mimi nikiangalia. Saa tatu hizo. Anayetaka ya haraka video zipo bure.

Na wale wanaoniomba niwauzie nilizojaza mwenyewe, hapana, hapa Marekani kutengeneza risasi za kuuza kunataka leseni ya serikali kuu na mimi sina.

Yule ndugu wa .45 tulichambua pamoja, maganda ya tundu dogo yakajaa kopo zima la kahawa, presi ikaenda bila kugusa hata skrubu moja. Sikumchaji. Ila kuanzia mwezi huu sifungi presi ya mtu kabla sijaona ndoo yake.