Oili nzito inaua injini za haibridi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini niseme na mafundi wetu wa Dar. Hizi Toyota Aqua na Prius, gari za haibridi zinazotumia petroli na umeme, zimejaa mjini, madereva wengi wa teksi za mtandaoni wanalisha familia kwa gari hizo, alafu zikienda sevisi zinamiminiwa oili nzito ya 20W-50 ileile ya magari ya zamani na ukiuliza unajibiwa "bosi huku kwetu joto, oili nyepesi haifai".

Jamani haibridi siyo hivyo. Kwenye Aqua kuna injini ya cc 1500 na mota mbili za umeme, zote zimekutana kwenye seti moja ya gia, mota moja kazi yake kuchaji na ndo hiyohiyo inayowasha injini maana stata ya kawaida haina kabisa, nyingine inasukuma matairi. Ukiwa kwenye foleni Ubungo gari inatambaa na betri injini imezima, ukikanyaga inawaka, ukiachia inazima, safari nzima ni hivyo na mara nyingi injini haijapata moto vizuri. Sasa oili nzito ambayo haijachemka inachelewa kupanda kule juu kwenye kamshafti, shafti inayofungua vali, na VVT-i, mfumo unaobadili muda wa vali kufunguka, nayo inategemea presha ya oili hiyohiyo kwenye vinjia vyembamba. Joto la Dar la nyuzi 30 mnaliona kubwa, ila kwa oili hiyo ni baridi bado, injini iliyochemka oili yake inafika 90 na kuendelea.

Kitabu cha gari kinakuja na Kijapani lakini 0W-20, yaani oili nyepesi, inasomeka kwa kila mtu (namba ya mwisho ni uzito wa oili ikiwa moto). Ukiikosa weka 5W-30, na kama injini imeshaanza kula oili mimi naona ubaki na hiyo hiyo 30, ila 50 hapana.

Na wenye magari msidanganywe kwamba injini inapumzika sana kwahiyo oili inadumu. Injini isiyochemka inabakiza unyevu na petroli ndani ya oili, gari ya foleni za mjini kilomita 5,000 zikifika mwaga.

Ombi langu kwa mafundi, kile kikaratasi mnachoning'iniza baada ya sevisi andikeni na aina ya oili, siyo kilomita peke yake.

Mwenye haibridi,
Tabata, Dar es Salaam