Treni mpya za chini ya ardhi ni nzuri, lakini tuongee habari ya viti

Bwana Mhariri,

Salamu kwako na wasomaji wote. Juzi barazani kwetu hapa Majengo kulizuka ubishi wa treni, kijana mmoja atuonyesha kwenye simu picha za treni za chini ya ardhi za London, za zamani na za sasa, akasema hizi za kale ni mikebe tu. Mie nikamwambia ngoja kwanza, zote mbili nimezipanda. Magharibi ikaingia sijamaliza, ndio naandika.

Shangazi yangu alikua akikaa Wembley. Nilipoenda 2008 tulikua twapanda laini ya Metropolitan, ile iliyoanza 1863, ya kwanza ya chini ya ardhi duniani, na wakati huo ikivutwa kwa mvuke, hebu fikiria moshi wa makaa mule shimoni! Gari nilizozikuta zilikua za miaka ya 60. Viti vimepangwa kama vya basi, watatu huku wawili kule, na juu kuna rafu ya mizigo. AC hakuna. Lakini shangazi na magoti yake akikaa vizuri, kikapu chake juu, tunapiga soga mpaka tufike.

2019 nikarudi, zile zishaondolewa. Hizi mpya wallahi nilizipenda. Waingia behewa la mwisho watembea ndani kwa ndani mpaka la mbele, hakuna mlango katikati, ukiona huku pamejaa wasogea kule. Kuna nafasi ya kiti cha magurudumu, na kuna AC. Yule kijana akauliza mbona laini zingine hazina, wana ubahili? Sio ubahili. Zile laini za kina kirefu zimechimbwa ndani ya udongo mzito, shimo ni duara dogo treni yapita karibu igusane na ukuta, sasa AC kazi yake ni kutoa joto nje, na nje yenyewe ni mule mule shimoni, litaenda wapi? Metropolitan iko karibu na juu, mashimo yake ni mapana, na sehemu kubwa ya njia iko wazi kabisa.

Sasa viti. Treni ya zamani ilikua na 448, mpya ina 306. Yaani viti 142 vimetoka ili watu wengi wasimame, na vingi vilivyobaki viko ubavuni, mwatazamana kama kwenye zile matatu zetu za pikapu zamani.

Hapo ndipo siwezi kuwaita wazee wa kale watu wa mikebe. Kweli, 1890 walikosea, treni ya kwanza ya umeme ya kina kirefu waliiwekea vidirisha vyembamba karibu na dari eti shimoni hakuna cha kuona, abiria wakayaita mabehewa seli. Lakini walijifunza. Mashine zilikua zikila kama thuluthi ya behewa lenye mota, nyuma ya dereva, na katika treni za 1938 wakazishusha zote chini ya sakafu, ile nafasi akapewa abiria. Baadhi ya treni hizo zilifanya kazi kisiwani Isle of Wight mpaka 2021. Mkebe gani huo wa miaka 80?

Na hata hawa wa sasa wamefikiria, manake laini za safari fupi za mjini viti vyote ni vya ubavuni, lakini Metropolitan ambayo yafika mbali wameacha baadhi vya kutazama mbele na nyuma. Hilo ndilo nataka wanaotupangia usafiri hapa Pwani walitazame. Mtu wa Buxton kwenda Nyali anaweza kusimama akashika chuma. Wa Mtwapa au Mariakani, jioni, ametoka kazini? Huyo mpeni kiti, na kabla hamjaagiza chochote mleteni mama mtu mzima mwenye kikapu akikalie kwanza, ainuke, akae tena, mumuulize.

Ni mimi msomaji wenu,
Majengo, Mombasa