Jumamosi njooni na simu, tujue bando linakwenda wapi

Habari za jioni wapendwa.

Wengi mmelalamika bando linaisha kabla ya siku zake, na wawili walikosa kikao cha mtandaoni kwa sababu hiyo. Imeniuma. Jumamosi hii saa 10 jioni, kwa mhazini kama kawaida, tutatenga nusu saa tukague simu moja moja.

1. Njoo na simu yenye chaji.
2. Fungua Mipangilio, sehemu ya matumizi ya data, uone programu tatu zinazoongoza. Piga picha ya skrini.
3. Leo hii zima kujipakua kwa picha na video kwenye WhatsApp. Hapo bando linavuja sana: vinavyorushwa kundini vinashuka hata usipovifungua, na kama umeruhusu hifadhi ya nakala kutumia data, usiku vinapandishwa tena kwa bando lile lile. YouTube shusheni ubora wa video hadi 360p. Maandishi matupu yanakula kidogo sana, andikeni tu.
4. Chai ni shilingi 1,000, kwa mhazini.

Naomba kila mmoja ajibu "Nakuja" au "Sitaweza" kabla ya Ijumaa saa 6 mchana. Mama zetu ambao mipangilio inawasumbua, niandikieni pembeni, nitapita nyumbani.