Unga wa upupu nimeupokea

Mwanangu Zuhura,

Salamu nyingi kutoka Langoni, Lamu. Kikopo ulichotuma kwa basi kimevuka Mokowe salama, nikakipokea gatini jana alasiri. Nilianza kukujibu kwa kalamu. Mstari wa kwanza ulisomeka. Kufika wa tatu, herufi zikawa kama sisimizi wanaofuatana. Basi nimemkabidhi binamu yako simu, mimi nasema, yeye aandika.

Wasema upupu una dawa ileile ninayomeza kwa huu ugonjwa wangu wa Parkinson. Ni kweli, sikubishii. Upupu uleule mliompaka huyu binamu yako mgongoni akakesha akijikuna (anacheka hapa), mbegu zake zina levodopa. Lakini sitaunywa, na sitaki udhani babako ameukataa mkono wako.

Chini katikati ya ubongo kuna sehemu ndogo nyeusi. Humo mna seli zinazotengeneza dopamini, ambayo ni katika jamii ya kemikali ziitwazo amini. Si ile ya kuitikia dua, ingawa daktari alipoitaja nusura niitikie. Dopamini ndiyo inayofanya mkono uitike ukiutuma. Kwangu mimi seli hizo zinakufa, na daktari alinambia mkono unapoanza kutetemeka, nyingi zimekwisha kwenda. Hapo nikakumbuka udi. Miaka minne nyuma mamako alifukiza chumba kizima, nami nikamuuliza mbona leo hakufukiza. Alininunia siku mbili. Kumbe pua ndiyo iliyotangulia.

Mkono wa kulia watetemeka nikiuweka gotini barazani. Nikishika patasi hutulia, ila huwa mzito, kama nimeazimwa. Ule mfaa wa mlango, wa mbambakofi, uliouona Idd iliyopita bado una maua matatu hayajachongwa.

Mambo haya hayana miaka mingi kujulikana. Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Uswidi aliwapa sungura dawa ya kuwamalizia amini za ubongo, wakalala kama magunia. Alipowadunga dopa, jamaa ya levodopa yangu, wakainuka. Mwaka 1960 Oleh Hornykiewicz, huko Vienna, akaonyesha kuwa bongo za waliokufa na ugonjwa wa Parkinson zimepungukiwa mno na dopamini.

Utaniuliza, si umeze dopamini yenyewe? Haivuki. Baina ya damu na ubongo kuna kizuizi, nayo hubaki nje. Levodopa huvuka, ikageuzwa dopamini humo ndani. Balaa ni kuwa mwili huigeuza nyingi njiani, kabla haijafika kichwani, na hiyo ya njiani huniletea kichefuchefu tu. Ndiyo maana kidonge changu kimetiwa kabidopa ya kuilinda: miligramu 25 zake kwa 100 za levodopa. Upupu wako hauna mlinzi, na kijiko cha unga nani amekipima? Nikivichanganya nitazidisha, na dawa hii ikizidi mabega na kichwa huanza kucheza vyenyewe, pasina ngoma.

Shangazi yako bado ashikilia ni pepo. Kaniletea kombe, maji yaliyooshewa aya za Kurani, nimelinywa, kisha nikameza kidonge mbele yake. Nyote wawili mwanipenda, najua.

Kidonge nacho hakizuii seli kufa, hilo sikufichi. Kinanikopesha saa. Nikikimeza saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya saa moja nafunga vifungo vya kanzu mwenyewe. Kwa muda mrefu asubuhi nyingine kilikuwa hakifanyi kitu, nikaanza kulilaumu duka la dawa, kumbe ni mbaazi! Protini na levodopa hugombea mlango mmoja, na mbaazi za mamako, wazijua, hazishindwi ugomvi. Siku hizi asubuhi ni mahamri na chai ya rangi. Mbaazi nawekewa za usiku, nazila peke yangu jikoni wote wakishalala.

Kikopo nimekifunga, kiko juu ya kabati, mbali na watoto. Ukija, njoo na msasa laini, wa huku umekwisha.

Babako