Tairi la mbele la bodaboda huzeeka kabla ya kuisha

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumze na madereva wa bodaboda, wenye pikipiki na wauza vipuri wa Tanga kuhusu tairi la mbele. La nyuma ndilo linalosukuma pikipiki na kubeba abiria na magunia, hivyo huisha upesi na kipara chake kila mtu anakiona. La mbele linakwenda taratibu mno. Tairi la nyuma litabadilishwa mara tatu, mara nne, la mbele bado lina kashata zake, yaani vile vinundu vya mpira vinavyokanyaga barabara, na dereva atakwambia, "Hili bado, fundi." Kumbe mpira umeshakauka. Na ukifunga breki ghafla uzito wote unainamia mbele, juu ya tairi hilohilo.

Umri wa tairi umeandikwa ubavuni. Tafuta tarakimu nne zilizozungushiwa umbo la yai. Mara nyingi ziko upande mmoja tu, kwa hiyo ukizikosa kulia zunguka kushoto. Ukisoma 2319, ujue lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Watengenezaji wengi wanashauri tairi likaguliwe kila mwaka likishapita miaka 5, na litolewe likifika 10 hata kama kashata zimejaa. Kwa jua la pwani na pikipiki inayoshinda kijiweni bila kivuli, sisi tunaona miaka 10 ni mingi mno. Tairi la miaka 5 au 6 lenye nyufa ni la kutoa.

Nyufa zenyewe huzioni ukiwa umesimama. Punguza upepo, chuchumaa, bana ubavu wa tairi kwa vidole, kisha tazama ndani ya mifereji, pale shina la kashata linapoanzia. Mistari myembamba kama nywele ikifunguka hapo, mpira umekufa. Bonyeza na ukucha pia: mpira mzima unapokea ukucha na kurudi, uliozeeka unautelezesha kama plastiki. Tairi la namna hiyo kwenye lami kavu linaweza kukuficha ubovu wake kwa muda mrefu. Mvua ya kwanza ya vuli ikishuka juu ya vumbi na mafuta yaliyomwagika barabarani, gurudumu la mbele linakwenda zake kabla hujaachia breki.

Kuna wanaopaka tairi kuukuu rangi au mafuta machafu ili ling'ae. Mafuta ya injini na dizeli huvimbisha mpira na kuulegeza. Linang'aa huku linaharibika. Kuchonga kashata mpya kwa kisu kwenye tairi la kipara ni hatari zaidi, kwa sababu mpira uliobaki juu ya nyuzi za ndani ya tairi ni mwembamba, na kisu kikizigusa nyuzi tairi litapasuka likipata joto.

Sasa suala la kuchanganya. Pikipiki nyingi za bodaboda hapa kwetu zinavaa 2.75-17 mbele (upana inchi 2.75, rimu inchi 17) na 3.00-17 nyuma, nyingine zina rimu za 18, basi soma namba za tairi lililokuja na pikipiki na kibandiko chake, usikisie. Baada ya ukubwa hufuata namba ya uzito. 41 maana yake tairi linabeba kilo 145, 47 ni kilo 175, 50 ni kilo 190, na hapo upepo uwe umetimia. Chukua pikipiki ya kilo 115, dereva wa kilo 70 na abiria wawili wa kilo 70 kila mmoja: jumla ni kilo 325. Theluthi mbili hivi zikikaa nyuma, ni zaidi ya kilo 210. Anayepakia mishikaki ameshalipita tairi la 50 kabla hajakutana na shimo. Mwenye kuuziwa tairi la mbele la 41 alifunge nyuma kwa sababu ni la bei nafuu ana hali mbaya zaidi.

Wapo wanaoweka 3.50 nyuma ili pikipiki "isimame". Rimu nyembamba inalibana tairi hilo, mgongo wake unachongoka, linakanyaga kwa mstari wa katikati tu na kuisha hapo, na kwa pikipiki nyingine linasugua cheni. Wengine wanafunga mbele tairi la kashata kubwa za shambani na kuacha la lami nyuma. Kwenye tope la kupanda Amani linasaidia, lakini kwenye lami ya Segera kashata hizo zinajikunja kwenye kona na eneo linaloshika barabara ni dogo. Halafu kuna lile la kuhamisha tairi la nyuma lililochoka kulipeleka mbele. Hili tunaomba liachwe kabisa.

Ukinunua tairi jipya, nunua na tyubu mpya ya namba yake. Tyubu kuukuu imeshatanuka; ndani ya tairi jipya inajikunja, na kunjo hilo linajisugua mpaka linatoboka. Tyubu ya 18 ndani ya tairi la 17 inafanya vivyo hivyo.

Kazi ya kufunga ina mambo machache ambayo fundi akiyaruka utarudi kwake kesho. Kwanza rimu: chumvi ya bahari inakula rimu za chuma, hivyo kutu isuguliwe kwa msasa, ncha za spoki zilizochomoza zipigwe tupa, na utepe wa mpira unaozifunika uwe mzima. Mshale ulio ubavuni uelekee gurudumu linakozungukia. Doa dogo la rangi, kama lipo, likae jirani na valvu. Tyubu itiwe upepo kidogo, iwe duara tu, ili isibanwe na vyuma vya kufungia. Ukingo wa tairi unaokaa ndani ya rimu ulainishwe kwa maji ya sabuni. Grisi na oili hapana. Anza kuingiza upande ulio mbali na valvu, umalizie penye valvu, huku ukingo wa upande wa pili ukisukumwa uzame kwenye bonde la rimu. Fundi anayetumia nguvu nyingi mwishoni hajauzamisha ukingo, na hapo ndipo tyubu mpya inapotobolewa. Tairi likishajazwa, tazama mstari mwembamba unaozunguka karibu na rimu: uwe umbali uleule kote. Nati ya valvu isikazwe kwenye rimu. Ikiachwa huru, tairi likisogea utaiona valvu imelala, utarekebisha; ikikazwa, shingo ya tyubu inakatika.

Upepo upimwe asubuhi kabla ya safari, kwa geji, maana kidole gumba hakijui tofauti ya PSI 20 na 28 (PSI ndicho kipimo cha upepo kwenye geji). Kwa pikipiki nyingi za ukubwa huu ni 25 mbele, 28 nyuma ukiwa peke yako, 32 ukiwa na abiria. Kilomita 150 za kwanza nenda polepole, tairi jipya lina utelezi wa kiwandani.

Wanaoingia mashamba ya mkonge wana shida yao. Ncha ya jani la mkonge ni nyeusi na ngumu kama msumari, inapenya na kuvunjikia ndani ya tairi. Fundi pancha akiziba tyubu bila kupitisha kitambaa ndani ya tairi kote, kiraka kinashika vizuri na jioni upepo umeisha tena. Tumia kitambaa, kisha ndiyo vidole. Kuweka kipande cha tairi kuukuu ndani ili kuzuia miiba kunaongeza joto na kulifanya gurudumu lirukeruke. Tundu likiwa la kuhitaji kipande, tairi hilo limekwisha.

Wenye maduka, matairi yasining'inizwe barazani kwenye jua miezi na miezi, na mteja asomewe zile tarakimu nne kabla hajatoa fedha. Askari na wakaguzi wanaposimamisha bodaboda kuangalia kofia na leseni, wachuchumae kidogo watazame na tairi la mbele.

Wenye pikipiki, mikataba mingi inamwachia dereva matengenezo yote. Atabadilisha la nyuma kwa sababu bila hilo hesabu, yaani fedha ya kumpelekea mwenye pikipiki, haipatikani, la mbele ataliacha. Andikeni kwenye mkataba kwamba tairi la mbele ni la mwenye pikipiki, na tarakimu zake nne ziandikwe pembeni siku ya makabidhiano.

Mafundi pikipiki,
Ngamiani, Tanga