Bahasha iliyotumika siyo dharau kwa mnunuzi wa stempu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzetu aliyelalamika kwenye gazeti hili kwamba muuzaji kamtumia stempu ndani ya bahasha iliyokwishatumika, na kadibodi ya kuzikinga imekatwa kwenye boksi la vitu vingine kabisa, akasema ni dharau, mtu umelipa hela yako alafu unatumiwa takataka. Mimi nakusanya stempu, nanunua na kubadilishana na watu wa nchi mbalimbali kwa njia ya posta, na barua ile imeniuma kweli kwa sababu najua wako wengi wanaofikiria hivyohivyo, na ndo maana wauzaji wanaogopa, wanaona bora wazungushe plastiki mpya juu ya plastiki mpya kuliko kupewa nyota mbili mtandaoni.

Hebu tukiangalie kwanza kitu chenyewe kinachosafirishwa. Stempu ni kikaratasi, uzito wake haufiki hata gramu moja. Kinawekwa kwenye kijimfuko cha plastiki, kijimfuko kinachomekwa kwenye kadi yenye ukanda wa plastiki, kadi inaingia kwenye nailoni ya kufunga kwa kubana, nailoni inaviringishwa ile plastiki ya vipovu, alafu vyote vinatumbukizwa kwenye bahasha ambayo nayo kwa ndani ina vipovu na kwa nje imezungushiwa selotepu pande zote nne. Ukimaliza kufungua unabaki na stempu yako moja na rundo la plastiki mezani ambalo kazi yake imeisha baada ya safari moja.

Na tujiulize vile vipovu vinakinga nini hasa. Mwaka 1957 wagunduzi wawili, Alfred Fielding na Marc Chavannes, kule New Jersey Marekani, walikuwa wanajaribu kutengeneza kitu cha kupamba kuta, wakabandikanisha plastiki mbili hewa ikabaki katikati, kwa mapambo haikufaa ila baadaye ikaonekana inafaa sana kufungia vitu, kwa sababu ile hewa inapokea mshtuko kitu kikianguka. Sasa stempu haivunjiki ikianguka jamani! Stempu inaharibiwa na kukunjwa, inaharibiwa na maji na unyevu, inaharibiwa na gundi. Vipovu havizuii kukunjwa, bahasha laini yenye vipovu inapinda ovyo na kilichomo kinapinda nayo. Kinachozuia kukunjwa ni kadibodi ngumu pande mbili, na kadibodi ya boksi la zamani ni ngumu sawasawa na ile ya dukani. Kwahiyo yule muuzaji unayemlalamikia inawezekana kabisa kakukingia stempu zako vizuri kuliko yule wa plastiki tano.

Alafu sisi wakusanyaji ndo tungekuwa wa mwisho kudharau karatasi iliyotumika mara ya pili, maana historia ya posta imejaa hayo mambo na tunayatafuta kwa bidii. Kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 mpaka 1865, majimbo ya kusini yalibanwa bandari zake karatasi ikawa adimu, watu wakawa wanafungua bahasha waliyopokea, wanaigeuza ya ndani inakuwa nje, wanaibandika upya na kuandika anwani nyingine, na wengine walikata bahasha kwenye karatasi za kupamba kuta. Leo bahasha hizo zina wakusanyaji wake maalumu, na nyingine ukiifungua unakuta stempu na mhuri kwa nje na stempu na mhuri mwingine kwa ndani, safari mbili kwenye karatasi moja. Latvia nayo ilijitangazia uhuru Novemba 1918, Desemba ikatoa stempu yake ya kwanza na karatasi hakuna, ikachapwa nyuma ya ramani za kijeshi za Wajerumani, mpaka leo ukiigeuza unaona kipande cha ramani. Baadaye wakachapa nyingine nyuma ya noti ambazo zilikuwa hazijamalizika kuchapwa. Kwenye vita vya pili vya dunia Waingereza walihimizwa kubandika kikaratasi cha anwani juu ya bahasha ya zamani na kuituma tena. Hivyo vyote tunaviweka kwenye albamu kwa heshima, sasa iweje bahasha ya mwaka huu iliyotumika mara mbili iwe tusi?

Ila sisemi kila kitu cha zamani kinafaa kila mahali, na hapa nataka nieleweke vizuri kwa sababu wako wauzaji wanaotumia tena vitu hovyohovyo na hao ndo wanawaharibia wenzao. Kitu kinachogusa stempu moja kwa moja lazima kiwe kisafi na kiwe cha aina inayofaa. Kinachokaa nje ya hapo ndo kinaweza kuwa cha zamani.

Kadibodi ya maboksi na karatasi ya gazeti zina asidi, ndo maana zinageuka njano na kahawia zikikaa, kwahiyo stempu isilale juu yake, na gazeti juu ya hilo wino wake unaachia. Weka stempu kwanza kwenye kibahasha cha glasini, ile karatasi nyororo inayopitisha mwanga ambayo wakusanyaji wameizoea miaka mingi, ni karatasi kabisa siyo plastiki, imekandamizwa sana mpaka ikawa laini vile. Vibahasha vya glasini vinatumika tena na tena kama havina mikunjo wala madoa, mimi ninavyopokea nakung'uta, naangalia kwenye mwanga kama kuna vumbi au gundi, kikiwa kizima kinaenda kwa mtu mwingine. Udhaifu wa glasini ni kwamba haizuii unyevu, na stempu mpya yenye gundi nyuma ikipata unyevu inang'ang'ania, ukiibandua gundi imeharibika na thamani imeondoka. Hapo ndo nakubali plastiki moja ya nje dhidi ya mvua, moja tu, na hiyo hata iwe imeshasafiri mara ngapi haina neno mradi haijatoboka na iko kavu kabisa, maana ukifungia unyevu ndani umejitengenezea shida ileile uliyokuwa unaikimbia.

Plastiki zenyewe hazifanani. PVC laini ndo ya kukimbia, ile inawekewa vilainishi vya kemikali na vilainishi hivyo vinatoka polepole, plastiki inaanza kunata, inavuta wino wa stempu na kuacha karatasi kama imelowa mafuta. Kurasa za albamu za zamani na vimfuko vingi vya bei rahisi vilikuwa vya namna hiyo, sasa mtu anaona anaokoa mazingira kumbe anamtumia mwenzake stempu ndani ya kitu kinachoila. Poliesta na polipropilini hazina tatizo hilo na zinadumu, hizo tumieni tena mpaka zichakae. Ukiona plastiki inanata au inatoa harufu kali ile ya plastiki mpya usiweke stempu humo, hata kwa siku mbili.

Mipira ya raba acheni kabisa. Raba ina salfa, na kuna stempu za zamani za rangi ya chungwa ambazo salfa inazigeuza kahawia. Pini na stepla zinaacha kutu na zinatoboa.

Selotepu ni sura ya peke yake. Muuzaji anaweka stempu kwenye kadi, anaogopa isichomoke, anapiga selotepu mdomoni mwa kadi, njiani stempu inateleza inakwenda kunasa palepale kwenye gundi. Nimewahi kupokea seti nzima safi kutoka kwa muuzaji mmoja ambapo stempu moja imeshikwa ukingo wote wa vijino, yaani ile mikato midogo ya pembeni mwa stempu, haikuwa na namna ya kuitoa salama, na seti yenye upungufu wa moja siyo seti tena. Iliniumiza kuliko bahasha yoyote kuukuu niliyowahi kupokea. Tumia ile tepu ya karatasi ya mafundi rangi, ncha yake ikunje kidogo ili mtu apate pa kushika, inatoka bila kuchana na hiyo kadi mwenzako anaitumia tena mara nyingi tu. Tukiacha selotepu peke yake kadi nyingi zingepona, kwa sababu kinachozipeleka jalalani siyo safari, ni kuchanwachanwa wakati wa kufungua.

Kwa bahasha ya nje, futa au funika kabisa anwani ya zamani, lebo za rejista na zile nambari za mistari, maana mashine za posta zinasoma mistari hiyo na barua yako inaweza kurudishwa ilikotoka. Na pia siyo vizuri anwani ya mtu mwingine izunguke duniani bila yeye kujua. Ile bahasha ya karatasi yenye vipovu ndani ndo itumieni tena zaidi ya zote, kwa sababu karatasi na plastiki vikishagandishwa pamoja ni kazi ngumu kuvitenganisha na sehemu nyingi hazipokelewi kwenye karatasi wala kwenye plastiki.

Mtu ataniambia stempu ni kitu kidogo, plastiki yetu haionekani kwenye bahari ya plastiki ya dunia, na tena si tutaipeleka ikarejelezwe. Hesabu ya wanasayansi iliyotoka 2017 ilionyesha kwamba mpaka mwaka 2015 dunia ilikuwa imetengeneza plastiki tani bilioni 8.3, na katika ile iliyokuwa imeshakuwa taka ni kama asilimia 9 tu iliyorejelezwa, asilimia 79 ikawa imelundikwa madampo au imetapakaa kwenye mazingira. Machi 2022 mataifa yalikubaliana Nairobi kuanza kuandika mkataba wa plastiki, na mazungumzo ya Geneva ya Agosti 2025 yakaisha bila kuafikiana. Kwahiyo kusema tuiweke tu kwenye pipa la kurejeleza alafu dhamiri itulie, mimi siioni. Plastiki ambayo haikununuliwa kabisa ndo yenye uhakika.

Ninachoomba kwa wauzaji ni kitu kimoja, kwenye tangazo lako la mtandaoni andika mstari mmoja tu kwamba stempu zinakuwa kwenye glasini safi na vifungashio vya nje ni vilivyotumika, mtu anunue akijua. Watengenezaji wa kadi na vimfuko nao waandike juu ya bidhaa ni plastiki gani, siyo kuandika tu ni salama kwa stempu bila kusema imetengenezwa kwa nini. Na kwa msomaji mwenzangu na wengine wanaofikiri kama yeye, kabla ya kutoa nyota angalieni stempu imefikaje, kama vijino ni vizima, gundi ni nzima na haijapinda, mlipie muuzaji wema wake kwa nyota zake zote, na kama mtu hataki kabisa bahasha iliyotumika basi amwambie muuzaji wakati anaweka oda.

Ni mimi mkusanyaji wa stempu, msomaji wenu wa siku nyingi