Wenye mbwa tukimbie nao, lakini kamba isitoke kiunoni

Mhariri,

Siku hizi ukienda msitu wa Karura, Nairobi, Jumamosi asubuhi utakuta watu wanakimbia na mbwa, na hukosi kusikia mtu akinung'unika eti mbwa wapigwe marufuku kabisa humo ndani. Mimi ni mmoja wa hao wanaokimbia na mbwa kwa hivyo nataka kuwajibu, lakini pia nina neno na wenzangu wenye mbwa maana baadhi yenu ndio mnatuharibia.

Hiyo marufuku haitasaidia. Mbwa wengi wa Nairobi na Kiambu wanashinda kwenye kibanda mchana kutwa, usiku wanafunguliwa wabweke getini mpaka kuche, basi, maisha ndiyo hayo. Sasa mbwa kama huyo akitoka nje siku moja lazima atamrukia mtu, maanake hajawahi kuona mtu akikimbia ambaye si mwizi. Anayezoeshwa mbio anatulia. Wangu ni chotara, mama yake wa kienyeji na baba yake ni German shepherd wa jirani, na hapo zamani alikuwa anatafuna viatu vya kila mgeni anayeviacha mlangoni, siku hizi tukishapiga kilomita zetu tano sita hivi anarudi anakunywa maji analala hata habari ya viatu hana. Na mwenye mbwa pia anafaidika, kuna asubuhi za baridi ya Julai ambazo kitanda kinakataa kukuachilia lakini mbwa amekaa hapo mlangoni anakuangalia tu, utafanyaje, unavaa raba unatoka.

Sisi ni nchi ya John Ngugi na Paul Tergat, kila mmoja alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika mara tano, kwa hivyo matope na vilima hatuhitaji kufunzwa na mtu. Lakini hii ya kukimbia na mbwa watu wa Ulaya wametutangulia. Kule ilianza na wale wanaofuga mbwa wa kuvuta sleji kwenye theluji, theluji ikiyeyuka hawana pa kuwafanyishia mazoezi, wakaanza kujifunga nao kiunoni wanakimbia msituni ili mbwa wasilegee. Leo ni mchezo kamili unaitwa kanikrosi na una mashindano ya dunia. Mbwa anakaa mbele au kando yako, na kumburuta nyuma yako ni kosa. Hiyo sheria naipenda sana kwa sababu hapa kwetu nimeona watu wanakimbia na mbwa ambaye ulimi umefika chini, anavutwa kwa shingo, na mwenyewe ana spika masikioni wala hageuki.

Tena kumfunga shingoni achana nako. Akivuta anajikaba. Anataka hanesi ya kifuani, yaani mikanda inayomzunguka kifua badala ya shingo, wewe unavaa mkanda mpana kiunoni na katikati kuna kamba ya mita mbili hivi inayovutika kidogo ili akichomoka ghafla asikuvunje mgongo. Za dukani ni ghali, lakini fundi wa mabegi atakushonea kwa ukanda wa begi kuukuu, na hapo katikati ya kamba unaunganisha kipande cha blada, ile ile watu wa boda wanafungia mizigo, inafanya kazi vizuri tu. Mfunze kulia, kushoto, pole pole na simama mkiwa mnatembea, msingoje mpaka mko kwa mteremko wenye matope ndio muanze kuelewana. Na mbwa mdogo usimkimbize, ngoja afikishe mwaka, wale wa mwili mkubwa hata mwaka na nusu, mifupa yake bado inakua.

Jua sasa. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, ni kidogo tu kwenye nyayo, joto lake lote karibu analitoa kwa kuhema. Mnakumbuka mbio za nyika za dunia zilipokuja Mombasa 2007? Kenenisa Bekele, aliyekuwa ameshinda zile mbio ndefu kila mwaka tangu 2002, joto lilimmaliza akatoka kabla ya kumaliza. Huyo ni bingwa na anatoa jasho. Sasa wewe unamtoa mbwa wa manyoya saa sita mchana kwa lami ya Thika Road kwa nini? Weka mgongo wa mkono wako kwa lami, ukishindwa kuvumilia sekunde saba hivi basi yeye pia anaungua. Tokeni alfajiri, beba maji, usimlishe kabla ya mbio, na mkirudi mpekue masikio na katikati ya vidole kama kuna kupe.

Halafu kuna hili linalotugombanisha na watu. Karura sheria iko wazi, mbwa awe kwa kamba, lakini kuna jamaa wakishapita geti wanamfungua eti ajisikie huru, na mbwa huyo anaenda kukimbiza paa na kima na watoto wa wenyewe. Ukimwambia anakujibu haumi huyo. Mtoto atajuaje? Na si kila mtu anapenda kuguswa na mbwa hata kama ni mpole, mtaani kwetu kuna mzee mmoja Mwislamu aliwahi kuniambia, "Kijana, asinisogelee tafadhali, nina udhu," na ni haki yake kabisa, tangu siku hiyo nikimuona kwa mbali navuta kamba fupi naenda upande ule mwingine wa barabara, tunapungiana mkono yanaisha. Ni sekunde kumi tu za adabu.

Na chanjo ya kichaa cha mbwa ni kila mwaka, usiseme ulichanja alipokuwa mdogo. Mtu akiumwa, awe amechanjwa mbwa au hajachanjwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na aende hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa hivyo badala ya marufuku naomba wahusika wafanye mambo mawili. Madaktari wa mifugo wa kaunti waweke meza hapo getini Jumamosi moja moja, wachanje na kukagua cheti, asiye nacho asiingie. Na wanaoandaa mbio za wikendi watupe nusu saa mwishoni, watu wakishamaliza, tukimbie na mbwa wetu kwa kamba, tuachiliwe mmoja mmoja ili wasirukiane. Ada tutalipa.

Mpenda mbio za nyika,
Kiambu